Faida za Kutembea kwa Miguu Kila Siku kwa Mwili na Akili

Ndugu msomaji, hebu kumbuka hatua ulizopiga leo tangu ulipoamka. Kutoka kitandani hadi maliwatoni, kutoka mlangoni hadi kwenye bodaboda, kutoka kwenye bodaboda hadi kwenye kiti cha dukani au ofisini. Jioni ukarudi vile vile, ukala, ukakaa mbele ya televisheni au ukainamia simu mpaka usingizi ukakuchukua. Ukihesabu vizuri huenda hukutembea hata nusu saa kwa siku nzima.

Wazee wetu hawakuishi hivi. Shambani walikwenda kwa miguu, kisimani kwa miguu, sokoni kwa miguu, na kumzuru mgonjwa kijiji cha pili pia kwa miguu. Hawakuyaita hayo mazoezi. Yalikuwa ndiyo maisha. Sisi tumerahisishiwa usafiri, nayo ni neema, lakini mwili umekosa kitu ulichokuwa ukikitegemea. Matokeo yake tunayaona hata misikitini mwetu. Viti vya plastiki vinazidi kuongezeka kwenye safu, na wanaovikalia si vikongwe peke yao. Wapo watu wa miaka 45 na 50 ambao magoti hayakunji tena, na mifukoni mwao mna vidonge vya presha na kisukari.

Hali hii si ya kwetu tu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa karibu asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani takriban watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili katika mwaka 2022. Kiwango hicho si kikubwa: ni dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka kidogo. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki.

Katika makala haya tutaeleza kutembea kunaufanyia nini mwili, kunaifanyia nini akili, ni hatua ngapi zinatosha, na vipi aanze mtu ambaye hajazoea.

Kutembea si alama ya ufukara

Kabla ya faida, kuna kikwazo kimoja cha kuondoa. Katika miji yetu mtu mwenye uwezo akionekana anatembea, watu humuuliza, "Vipi, gari limeharibika?" Wapo wanaoona haya kupita barabarani kwa miguu, wakakodi bodaboda kwa safari ya dakika saba. Kwa hiyo mtu hulipa nauli ili asitembee, kisha baada ya miaka akalipa fedha nyingi zaidi hospitali, na huko daktari akamwambia, "Jitahidi uwe unatembea."

Kutembea ni zoezi ambalo karibu kila mtu analiweza. Halihitaji ada, kiwanja wala mwalimu. Mzee analiweza, mama aliyejifungua na kupata nafuu analiweza, na mgonjwa wa sukari analiweza. Halishtui viungo kama kukimbia, na mtu anaweza kulifanya akiwa katika shughuli zake nyingine.

FAIDA ZA MWILI

1. Moyo na mishipa ya damu

Moyo ni msuli, na msuli usiofanyishwa kazi hudhoofika. Ukitembea, moyo hupiga kwa nguvu zaidi na damu huzunguka vizuri. Misuli ya ndama za miguu nayo hujikaza na kulegea katika kila hatua, ikiisukuma damu ya miguuni irudi juu. Ndiyo maana aliyekaa kutwa nzima huvimba miguu, na akitembea kidogo hupata nafuu.

Ushahidi wa jambo hili ni wa siku nyingi. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kwenye kiti kutwa nzima. Kondakta alikuwa akipita huku na huku na kupanda ngazi kukata tikiti. Wote walikuwa watu wa kampuni moja na mji mmoja, lakini ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva, na hata walipougua, haukuwa mkali kama ule wa madereva. Tangu hapo tafiti nyingi zimekuja kuunga mkono jambo hilo: kukaa sana ni hatari kwa moyo.

Kwa wenye shinikizo la damu, kutembea mara kwa mara hushusha presha kwa kiasi fulani. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa ile namba ya juu hushuka kwa takriban pointi 4. Yaweza kuonekana ni kidogo, lakini presha iliyoshuka kidogo na ikabaki hivyo kwa miaka humpunguzia mtu hatari ya kupata kiharusi. Faida hii haimruhusu mgonjwa kuacha dawa zake bila kumuuliza daktari.

2. Kisukari

Hapa ndipo kutembea kunapoonyesha kazi kubwa. Baada ya kula wali, ugali au chapati, sukari hupanda katika damu. Kwa kawaida homoni ya insulini ndiyo huifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye misuli. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, insulini hiyo haifanyi kazi sawasawa. Lakini msuli unaofanya kazi una njia nyingine: unapojikaza huivuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Misuli ya mapaja na miguu ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, nayo ndiyo inayofanya kazi mtu anapotembea.

Kwa sababu hiyo kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula, hasa baada ya chakula cha usiku, ni desturi nzuri sana. Wengi wetu hula chakula kizito usiku kisha tukalala papo hapo, na huo ndio wakati ambao sukari hukaa juu kwa muda mrefu.

Mwaka 2002 ulitangazwa utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha zaidi ya watu 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Kundi moja lilipewa dawa ya metformin. Kundi jingine lilitakiwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 kwa kurekebisha chakula na kujishughulisha dakika 150 kwa wiki, na wengi wao walichagua kutembea. Ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, kundi la metformin lilipungukiwa na hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 31. Kundi la chakula na mazoezi lilipungukiwa kwa asilimia 58. Yaani kwa watu wale, mabadiliko ya maisha yalishinda kidonge.

3. Viungo, mifupa na mgongo

Watu wengi wenye maumivu ya magoti huogopa kutembea wakidhani watayamaliza magoti yao. Ukweli ni kuwa gegedu, ile tabaka laini iliyo baina ya mifupa ya kiungo, haina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo husambaa kiungo kinapotembezwa. Goti lisilotumika hukakamaa na misuli inayolishika hulegea. Kutembea taratibu kwenye ardhi tambarare, kwa kiasi ambacho maumivu hayazidi, humsaidia mgonjwa wa goti.

Vivyo hivyo mgongo. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Australia uliofanywa kwa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno hivi karibuni. Waliopewa mpango wa kutembea, pamoja na maelekezo ya mtaalamu, walikaa wastani wa siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Ambao hawakupewa walikaa siku 112.

Ukiongeza hapo, kutembea huimarisha mifupa na msawazo wa mwili, jambo linalomkinga mzee na kuanguka. Husaidia tumbo kusaga chakula na kupunguza kufunga choo, na husaidia kuzuia uzito usirudi kwa aliyekwisha kupungua.

FAIDA ZA AKILI

4. Kupunguza huzuni, wasiwasi na msongo wa mawazo

Mtu mwenye mawazo mazito hupenda kujifungia ndani. Kadiri anavyojifungia, fikra ile ile humzunguka kichwani kama ng'ombe anayekamua mafuta kwenye kinu. Akitoka nje akatembea, mwili hubadilika: pumzi huwa ndefu, misuli iliyokaza hulegea, na macho hupata vitu vingine vya kutazama. Tatizo halijaondoka, lakini aliyelibeba amepata nguvu ya kulitazama upya.

Mwaka 2025 jarida la kitabibu la Lancet Public Health lilichapisha mkusanyiko wa tafiti kuhusu hatua za kila siku. Waliotembea hatua 7,000 kwa siku, wakilinganishwa na waliotembea 2,000, walionekana kuwa na hatari ndogo ya dalili za sonona kwa asilimia 22, na hatari ndogo ya kupoteza akili kwa uzee kwa asilimia 38. Ni vyema kufahamu kuwa tafiti za aina hii huwafuatilia watu na kuwahesabu. Huenda wengine walitembea kidogo kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Lakini tafiti za majaribio nazo zinaonyesha kuwa mazoezi hupunguza sonona.

Hapa tuseme jambo moja kwa uwazi. Sonona ni maradhi, wala si dalili ya upungufu wa imani. Mwenye kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, asiyetamani chakula, au anayefikiria kujidhuru, asiambiwe "nenda katembee" ikaishia hapo. Apelekwe kwa daktari. Kutembea kutamsaidia pamoja na tiba, na bora zaidi apatikane ndugu au rafiki wa kutembea naye. Mara nyingi mtu aliyeshindwa kuyasema ya moyoni akiwa ameketi uso kwa uso, huyasema akiwa njiani, bega kwa bega.

5. Kumbukumbu na kufikiri

Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoitwa hipokampasi, ambayo ina kazi kubwa katika kuhifadhi kumbukumbu. Kwa kawaida hupungua ukubwa kadiri mtu anavyozeeka. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wazee 120. Nusu yao walitembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Nusu nyingine walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Mwisho wa mwaka, hipokampasi ya waliotembea ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 2, na ya wenzao ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4.

Hata kwa vijana na wanafunzi kuna faida. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu maswali yanayohitaji kubuni mawazo mapya. Wengi walitoa mawazo mengi zaidi wakiwa wanatembea kuliko wakiwa wamekaa, hata walipotembea juu ya mashine ndani ya chumba, wakitazama ukuta mtupu. Wanafunzi wa hifdhi wanaopita huku na huku wakirudia walichokihifadhi hawakuhitaji kusubiri utafiti huo.

Ama usingizi, anayetembea asubuhi hupata mwanga wa jua mapema, na mwanga huo husaidia mwili kutambua mchana na usiku. Jioni usingizi huja kwa wakati wake.

Ni hatua ngapi zinatosha?

Wengi wamesikia kuwa lazima mtu apige hatua 10,000, wakaona hawawezi na wakaacha kabisa. Namba hiyo haikuanzia hospitali. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kiitwacho Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilipendeza na namba ikaenea duniani.

Mwaka 2019 Profesa I-Min Lee wa Harvard na wenzake waliwachunguza wanawake wazee wa Marekani zaidi ya 16,000, wastani wa umri wao miaka 72. Waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika miaka ile ya utafiti, kwa asilimia 41, kuliko waliotembea hatua 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha haikuongezeka tena.

Hili ndilo jambo muhimu la kulishika. Anayefaidika zaidi ni yule aliyekuwa hatembei akaanza kutembea kidogo. Tofauti kati ya hatua 2,700 na 4,400 ni kama robo saa tu ya kutembea. Basi asiseme mtu, "Mimi nimeshachelewa."

Hatua za kwenda msikitini

Kwa Muislamu anayeishi karibu na msikiti kuna hesabu nyepesi. Tuseme msikiti uko mita 400 kutoka nyumbani kwako. Kwenda na kurudi ni mita 800. Kwa swala tano ni kilomita 4, ambazo ni zaidi ya hatua 5,000. Hata ukipata swala tatu tu za jamaa, Alfajiri, Magharibi na Isha, umetembea karibu kilomita 2 na nusu, nawe hukutenga muda wowote wa "mazoezi".

Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa watu wa Banu Salima, ambao nyumba zao zilikuwa mbali, walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina. Mtume akawaambia wabaki katika majumba yao, kwani hatua zao zinaandikwa. Anayekwenda kwa ajili ya ibada na anuie ibada. Afya ya mwili itamfuata. Na atoke mapema, ili asije akasikia iqama akalazimika kukimbia, kwani tumefundishwa kuiendea swala kwa utulivu.

Wenye nia ya Hija na Umra nao wazingatie. Saa'yi peke yake, mara saba baina ya Safa na Marwa, ni zaidi ya kilomita 3, bila kuhesabu tawafu na mwendo wa Mina. Kila mwaka wapo mahujaji wanaofika Makka wakiwa hawajatembea kilomita moja kwa miaka mingi. Aliyeweka akiba ya fedha na aweke na akiba ya miguu, aanze kutembea miezi kadhaa kabla ya safari.

Namna ya kuanza

Wiki ya kwanza tembea dakika 10 kwa siku. Kila wiki ongeza dakika 5. Wiki ya tano utakuwa umefika nusu saa. Ukiona nusu saa kwa mkupuo ni nzito, igawe: dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 usiku.

Mwendo mzuri ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kama unaweza kuimba, ongeza kasi. Kama huwezi kumaliza sentensi moja, punguza.

Chagua wakati usio na jua kali. Katika miji ya pwani ni bora baada ya Alfajiri kukishapambazuka, au baada ya Alasiri. Katika Ramadhani, wengi huona wepesi muda mfupi kabla ya futari au baada ya Tarawehe. Vaa raba au viatu vinavyoshika mguu. Kandambili huteleza na huumiza kisigino. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande unaoyaona magari yanayokuja mbele yako, na gizani vaa nguo nyeupe.

Akina mama wasiachwe nyuma, kwani wengi wao hukaa ndani kutwa na ndio wanaoumwa magoti na sukari kwa wingi. Watembee na jirani au binti zao, kwa stara na katika njia yenye usalama. Asiyeweza kutoka anaweza kuzunguka uani kwake kwa robo saa, asubuhi na jioni. Mume naye akiongozana na mkewe baada ya chakula cha usiku, faida ni ya wote wawili.

Tahadhari

Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyotulia amuone daktari kabla ya kuanza. Ukiwa njiani ukahisi kifua kimebana, maumivu yanashuka mkononi au taya, pumzi inakatika au kizunguzungu, simama na utafute msaada haraka.

Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari achukue peremende au tende mfukoni, kwani sukari yaweza kushuka ghafla. Akihisi jasho la baridi na kutetemeka, aketi na ale. Akirudi nyumbani akague nyayo zake kila siku, maana kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kumletea madhara makubwa.

Hitimisho

Ndugu msomaji, afya ni amana, na miguu ni sehemu ya amana hiyo. Huhitaji kusubiri mwezi mpya wala kununua kitu. Leo, safari moja ambayo ungeiendea kwa bodaboda na haizidi dakika kumi, iendee kwa miguu. Kesho ifanye tena. Na ukimpitia mzazi wako au jirani anayekaa peke yake ukamwambia "Twende tutembee kidogo", utakuwa umemfanyia hisani katika mwili wake na moyo wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atupe afya njema, na atujaalie kuitumia katika yale anayoyaridhia. Amin.